Chepngeno na Masikio ya Santuri

Wasikilizaji wapendwa, kama uko jikoni, punguza moto kidogo. Kama mikono yako iko kazini, endelea tu, lakini nitegee sikio. Leo nataka tumkumbuke mama mmoja wa hapa kwetu, mama wa Rongai. Jina lake ni Chepngeno. Nitalirudia ili likae: Chepngeno wa Rongai.

Mama Chepngeno alitutoka Jumanne iliyopita, asubuhi, nyumbani kwake, watoto wake wakiwa karibu. Alikuwa anaelekea miaka tisini. Alikuwa mkulima. Alikuwa mama wa watoto watano. Kanisani aliimba sauti ya chini, ile ambayo kwa kawaida ni ya wanaume, na hakuna mwanamume aliyethubutu kumwambia ahame.

Lakini kuna watu wanaomjua kwa jambo lingine. Hawa ni watu wanaokusanya santuri za zamani, zile ambazo vijana wa siku hizi wanaziita zote vinyl. Ukienda pale mjini Nakuru wanapouza santuri kuukuu, siku moja moja utakuta moja ambayo kava yake imekatwa pembeni. Kava ni ile karatasi ngumu ya kahawia inayofunika santuri, yenye tundu katikati ili usome jina la wimbo. Utaona imekatwa pengo moja juu, au mawili, au pembe nzima imeondolewa. Wanunuzi wengi hudhani ni panya.

Si panya, wasikilizaji wapendwa. Ni Chepngeno.

Turudi nyuma. Ni mwaka wa elfu moja mia tisa hamsini na saba. Chepngeno ni msichana wa karibu miaka ishirini. Anaishi na wazazi wake kambini, kwenye shamba la mzungu mmoja karibu na Rongai. Shamba la ng'ombe na pareto, yale maua ya dawa ya wadudu. Baba yake, Kipkoech, anachunga ndama. Chepngeno anakamua. Kila alfajiri, kabla jua halijatoka, yuko zizini na ndoo yake.

Mwaka huo, mzungu wa shamba la jirani anauza vitu vyake na kwenda zake kwao. Watu wa kambi wanachanga, wananunua gramafoni. Ile ya kuzungusha mkono. Inawekwa nyumbani kwa mzee Kipkoech, kwa sababu nyumba yake haivuji. Na kila Jumamosi mchana, kazi ikiisha, inabebwa hadi kwenye banda la kukaushia pareto. Hapo ndipo palikuwa na dansi.

Gramafoni ilikuwa ya wote. Santuri zilikuwa za mtu mmoja mmoja. Kila familia ilikuja na zake, mbili, tatu. Na shida ikaanza, kwa sababu kava zote zilikuwa za kahawia, na wengi kambini hawakuwa wamesoma. Dansi ikiisha, mtu anabeba santuri ya mwenzake. Jumatatu, ugomvi. Wanaume wawili walisukumana mpaka maziwa yakamwagika. Nyapara, yaani msimamizi wa kazi, akasema, "Mkiendelea hivyo, hiyo gramafoni nitaipeleka kwa bwana mwenye shamba."

Chepngeno ndiye aliyepata dawa. Alikuwa amekulia kwenye ng'ombe. Alijua kwamba kila ukoo una namna yake ya kukata sikio la mnyama. Hawa wanakata pengo juu. Wale wanatoboa katikati. Ng'ombe akipotea, humuulizi jina. Unaangalia sikio.

Siku moja akachukua makasi ya mama yake, akachukua santuri za baba yake, akakata kava zote kwa alama ya nyumbani kwao. Pengo moja juu, upande wa kushoto, na ncha ya chini kukatwa mshazari.

Mzee Kipkoech alirudi akakuta vipande vya karatasi sakafuni. Akainua santuri, akaitazama. Akamwambia, "Wewe Chepngeno. Hii kitu ni karatasi, si ng'ombe."

Chepngeno akamjibu, "Lakini baba, ikipotea sasa utaijua?"

Mzee akapima pengo kwa kidole. Kisha akasema, "Hapo juu ulikata kidogo sana. Ongeza."

Ndivyo ilivyoanza. Jumamosi iliyofuata kila mtu alikuja na kava zake. Watu wa ng'ombe walikuwa na masikio yao tayari. Wale ambao kwao hawakati ng'ombe walibuni alama zao palepale. Kulikuwa na mzee wa kanisa, Jonah, ambaye alikuwa na santuri za nyimbo za dini peke yake. Alikataa kabisa. Alisema vitabu vya Mungu havikatwi, na hizi ni kama vitabu. Wiki moja baadaye santuri yake ilibebwa kimakosa na vijana, ikapigwa kwenye dansi, na watu wakaicheza vizuri sana. Jumatatu mzee Jonah alikuwa mlangoni kwa kina Chepngeno, kava zote mkononi. Akasema, "Kata. Na ukate kubwa."

Kuanzia hapo, Chepngeno akawa mtunzaji wa santuri za kambi. Alizijua zote. Ungemfumba macho ukampa kava, angepapasa ukingo kwa kidole akakuambia ni ya nani.

Sasa wasikilizaji wapendwa, nisikilizeni hapa, maana hapa ndipo maisha ya mama huyu yalipogeuka.

Ni mwaka wa hamsini na nane, baada ya mavuno. Ilikuwa dansi kubwa. Walikuja watu wa mashamba mengine, walikuja watu wa reli kutoka Nakuru. Dansi ilipoisha, Chepngeno alikusanya santuri, akazigawa kwa wenyewe. Zikaisha zote. Ikabaki moja.

Alama yake hakuijua. Mapengo mawili juu, karibu karibu. Chini, kwenye pembe ya kulia, mkato wa mkia wa mbayuwayu. Na kando ya ule mkia, doa la buluu, ile buluu ya kufulia nguo nyeupe, limegandamizwa kwa kidole. Alimuuliza kila mtu kambini. Hakuna aliyeijua.

Wakaipiga ili wasikie. Ulikuwa wimbo wa magitaa mawili na chupa inayogongwa. Mwimbaji ni kijana. Anaimba vizuri, anaendelea, na katikati ya wimbo, bila kutarajia, anacheka. Anacheka kabisa, kicheko cha mtu aliyeshindwa kujizuia. Halafu anarudi kwenye wimbo kana kwamba hakuna kilichotokea.

Watu wa kambi walipenda santuri hiyo kuliko zote. Waliiita Kicheko. Kila Jumamosi ilikuwa ya mwisho kupigwa. Watu walicheza huku wakingoja pale anapocheka, na akifika hapo, banda zima lilicheka naye.

Nilimtembelea Mama Rahab, rafiki ya Chepngeno tangu utotoni. Walikamua pamoja. Mama Rahab bado yuko nasi, na masikio yake ni mazima kuliko yangu. Aliniambia hivi: "Siku ukiwa umechoka, umesukumwa na nyapara, umenyeshewa, ulikuwa unasema tu, Jumamosi nitaenda kusikia yule kijana akicheka. Na ulikuwa hujui ni nani."

Mwenye santuri hakutokea. Mwezi ukapita, na mwingine. Vijana wa kambi wakaanza kusema, hii sasa ni yetu. Wakaleta wazo: tukate ukingo wote wa kava, alama ziishe, halafu tuweke alama ya kambi. Wengi walikubali.

Chepngeno akakataa. Akawaambia neno ambalo baba yake alimfundisha kuhusu mifugo: "Ng'ombe wa mtu akiingia kwako, unamlisha, unamkamua, lakini humkati sikio."

Kijana mmoja akamwambia, "Hii si ng'ombe. Hii haina mwenyewe."

Chepngeno akajibu, "Huyo aliyeweka kidole hapa kwa buluu, unafikiri alikuwa anacheza?"

Wakamkasirikia. Rahab anakumbuka kwamba kwa wiki mbili watu walimpita Chepngeno kisimani bila salamu. Ila kava haikuguswa.

Basi siku moja akaja mtu wa baiskeli. Aliitwa Peterson, karani wa shamba la jirani. Tai shingoni, suruali imepigwa pasi. Akasema, "Nimesikia mna santuri yangu. Ile ya kicheko. Hata alama nilikata mimi mwenyewe."

Moyo wa Chepngeno uliruka kwa furaha. Lakini alikuwa mtoto wa mchunga ndama. Mtu akija kudai mnyama, kuna namna ya kumuuliza. Akaficha kava nyuma ya mgongo, akampa Peterson makasi na karatasi. Akamwambia, "Sawa, ndugu. Nikatie ingine kama hiyo."

Peterson akakata. Mapengo mawili juu, sawa. Mkia wa mbayuwayu akauweka kushoto. Akatazama karatasi, akaigeuza, akaitazama tena. Mwishowe akaketi juu ya kopo kubwa la maziwa, akacheka yeye mwenyewe.

"Si yangu," akasema. "Lakini naoa mwezi ujao kule Dundori, na mchumba wangu, Nyakio, aliisikia hapa siku moja ya dansi. Ameniambia harusi bila hiyo kicheko ni mkutano tu."

Chepngeno alimhurumia. Akamwambia, "Ya mwenyewe siwezi kukupa. Lakini naweza kuja nayo, na nirudi nayo."

Ndivyo alivyofika Dundori. Alienda na Rahab, juu ya lori la magunia ya viazi, santuri imefungwa kwa shuka na kulazwa mapajani kama mtoto mchanga. Baridi ya Dundori mnaijua. Rahab anasema meno yao yaligongana njia nzima, na Chepngeno hakukubali kulitoa lile shuka ajifunike.

Kwenye harusi, santuri ikapigwa. Bwana harusi akacheza mpaka tai ikaenda mgongoni. Na wakati Kicheko kinapigwa mara ya pili, mama mmoja akachukua kava pale mezani, akaanza kuipapasa. Mama huyo aliitwa Wangeci, shangazi yake bibi harusi. Kazi yake ilikuwa kununua mbuzi kutoka kila upande na kuwauza Dundori.

Akauliza, "Nani amekata hii?"

Chepngeno akasema, "Hatujui, mama. Ndiyo maana natembea nayo."

Wangeci akasema, "Hii mapengo mbili na mkia, mimi naijua. Ni sikio la mbuzi. Kuna boma moja Longonot, karibu na stesheni. Nimenunua kwao mara nyingi. Mbuzi wazuri, lakini mama yao ni mgumu, hapunguzi bei."

Wasikilizaji wapendwa, Longonot kutoka Rongai si karibu. Na zaidi ya umbali, kulikuwa na ruhusa. Zama zile mtu wa shamba hakujiendea tu. Nyapara alimpa Chepngeno Jumapili moja. Akamwambia, "Jumatatu alfajiri nisipokukuta zizini, kazi hakuna." Na kazi ikienda, nyumba pia inaenda, kwa maana nyumba ilikuwa ya shamba. Baba, mama, wadogo zake, wote wangetoka. Hilo lilikuwa juu ya kichwa chake.

Mama yake alimwambia aache. "Mtu ameshasahau. Unaenda kutupotezea nyumba kwa sababu ya karatasi?"

Mzee Kipkoech alimpa koti lake.

Jumapili hiyo Chepngeno alishuka kwenye treni pale Longonot, mlima ukiwa mbele yake, upepo unapuliza vumbi. Kwenye stesheni akamkuta kijana wa reli, kofia kichwani, bendera ya kijani chini ya kwapa. Akamuonyesha kava, akamuuliza kama analijua boma lenye alama hiyo.

Kijana alivua kofia. Akashika kava kwa mikono miwili.

Kisha akauliza, "Umeitoa wapi?"

"Ilipotea kwetu Rongai, kwenye dansi."

Kijana akatazama huku na huku. Akasema kwa sauti ya chini, "Dada, tafadhali. Usimwambie mama kwamba ilipotea. Mama anajua iko Nakuru inasafishwa."

Kijana huyo aliitwa Kimaiyo. Yeye ndiye aliyemwazima rafiki yake wa reli santuri ile, rafiki akaenda nayo dansini Rongai, akaisahau, kisha akaona aibu kusema aliisahau wapi. Na Kimaiyo, kwa kumwogopa mama yake, akasema iko Nakuru inasafishwa.

Chepngeno akamuuliza, "Inasafishwa miezi yote hii?"

Kimaiyo akasema, "Nilimwambia ilikuwa na vumbi sana."

Chepngeno alitaka kucheka. Ndipo Kimaiyo alipomweleza neno lililomfanya aketi chini palepale kwenye saruji ya stesheni. Yule kijana anayeimba alikuwa ndugu yake. Jina lake Kemboi. Alienda Nairobi na gitaa, akarekodi wimbo mmoja na wenzake, wimbo mmoja tu. Kabla mwaka haujaisha akashikwa na homa ya mapafu, akafa. Picha yake hawakuwa nayo. Sauti yake ilikuwa kwenye hiyo santuri. Alama ya kava ni sikio la mbuzi wa nyumbani kwao. Na lile doa la buluu ni kidole cha mama yao, alichokigandamiza siku Kemboi alipoileta nyumbani, akisema, hii ni ya mtoto wangu, si ya boma.

Miaka mingi baadaye Mama Chepngeno alimwambia binti yake Jerop jinsi alivyojisikia. Jerop amenipa maneno hayo: "Mama alisema alijisikia kama mtu aliyeingia nyumba ya wenyewe akala, akanywa, akacheza, ndipo akaambiwa ni matanga."

Wakaenda nyumbani. Mama yao, Mama Jepkoech, alikuwa uani anapepeta maharagwe. Akamwona msichana mgeni. Akaona kilicho mkononi mwake. Akaweka ungo chini.

Akauliza, "Imesafishwa?"

Kimaiyo akatazama miguu yake. Chepngeno akamtazama Kimaiyo, kisha akamtazama mama.

"Imesafishwa, mama," akasema. "Na watu wa Rongai wanakusalimia."

Nyumbani hawakuwa na gramafoni. Wakaenda wote watatu dukani, na mwenye duka, aliyekuwa ameshafunga, akafungua mlango wa nyuma, akaweka gramafoni yake juu ya kaunta, kati ya sabuni na chumvi. Santuri ikaanza. Magitaa. Chupa. Sauti ya Kemboi. Mama Jepkoech alisimama wima, mikono imeshika ukingo wa kaunta.

Kemboi akacheka.

Na mama yake akacheka. Machozi yalikuwa yanamtoka, lakini alikuwa anacheka. Akasema, "Huyo ndiye. Alikuwa anacheka hivyo hata kanisani, namfinya na bado anacheka." Akamweleza Chepngeno kwamba siku ya kurekodi uzi wa gitaa la mwenzake ulikatika, ukamchapa mwenzake huyo puani. Kemboi hakuweza kuvumilia.

Wimbo ulipoisha, mama akauliza, "Huko Nakuru, ni nani mwingine ameisikia?"

Sasa hapo Chepngeno hakuweza tena. Kudanganya mara moja alikuwa amemdanganyia Kimaiyo. Mara ya pili ulimi ulikataa. Akamweleza yote. Dansi ya Jumamosi, banda la pareto, harusi ya Dundori.

Mama Jepkoech akasikiliza mpaka mwisho. Akasema, "Kwa hiyo hamkuwa mnasafisha. Mlikuwa mnacheza."

"Ndiyo, mama. Utusamehe. Hatukujua ni ya marehemu."

"Ni watu wengi?"

"Ni wengi, mama. Wanangoja hapo anapocheka, na wao wanacheka."

Mwenye duka akajifanya anapanga chumvi. Kimaiyo alikuwa ameegemea mlango kama mtu anayetafuta njia ya kutoka. Kisha mama akasema, "Weka tena."

Wakaipiga tena. Safari hii Mama Jepkoech hakushika kaunta. Alimshika Chepngeno mkono. Wimbo ulipoisha, akarudisha santuri kwenye kava mwenyewe, akampa Chepngeno.

"Rudi nayo," akasema. "Huyu mtoto nilishindwa kumkalisha nyumbani akiwa mzima. Nikimfungia sasa ndani ya sanduku nitakuwa nimemfunga jela. Mwende naye dansi. Lakini Krismasi uniletee, nimsikie. Na hiyo alama, mtu asiguse."

Chepngeno akaapa. Na walipotoka dukani, treni ya abiria ilikuwa imekwenda.

Alilia, wasikilizaji wapendwa. Aliwaza nyumba ya baba yake. Lakini Kimaiyo alikuwa mtu wa reli. Jioni ileile alizungumza na mlinzi wa treni ya mizigo inayopanda kwenda Eldoret, akamwambia, huyu ni mtu wetu. Chepngeno akapanda nyuma na mlinzi, koti la baba mwilini, santuri kifuani, ameketi juu ya gunia la kabichi. Akashuka Rongai asubuhi, jua limeshatoka, akakimbia.

Nyapara alikuwa zizini. Ng'ombe wa Chepngeno walikuwa wamekamuliwa wote, maziwa yamepimwa. Rahab alikuwa amekaa juu ya ndoo, mikono amepakata, hawezi hata kukunja vidole.

Nyapara akauliza, "Chepngeno alikuwa wapi?"

Rahab akasema, "Kwani maziwa yamepungua?"

Nyapara akaangalia maziwa. Hayakupungua. Akaondoka.

Mama Rahab alipokuwa ananisimulia hayo alikunja na kukunjua vidole vyake mbele yangu. "Mpaka leo hii mikono ikiuma kwa baridi," akasema, "mimi nasema ni ile Jumatatu ya Chepngeno."

Jumamosi, kabla ya dansi, Chepngeno alisimama mbele ya watu wa kambi akawaambia Kicheko ni nani. Kemboi wa Longonot, mtoto wa Jepkoech. Vijana wale waliotaka kukata ukingo waliinamisha vichwa. Hakuna aliyejua kama ni halali kucheza. Mzee Jonah wa kanisa ndiye aliyesema, "Mama yake ametoa ruhusa. Zungusha hiyo mashine." Wakacheza.

Krismasi Chepngeno akairudisha Longonot, kama alivyoahidi. Kimaiyo alikuwa stesheni anamngoja, viatu vinang'aa. Baada ya Krismasi, Kimaiyo akasema santuri haiwezi kusafiri bila mtu wa reli, akaisindikiza mpaka Rongai. Akafanya hivyo tena Pasaka, ingawa Pasaka hakuna aliyekuwa amemwita. Mzee Kipkoech akamuuliza binti yake, "Huyu naye ni wa nani? Ana alama?" Krismasi ya mwaka wa hamsini na tisa, wazee wa Longonot walikuja rasmi. Wakaoana, Chepngeno na Kimaiyo, na wakaishi pamoja zaidi ya miaka arobaini, mpaka Kimaiyo alipotangulia.

Mama Jepkoech alisikiliza santuri yake kila Krismasi mpaka alipofariki. Na kama unajiuliza, iko wapi leo, nitakuambia. Ilivunjika. Jerop aliikalia akiwa mtoto wa miaka sita. Jerop mwenyewe aliniambia, huku anatabasamu na macho yamelowa: "Nilijificha shambani mpaka nikahisi njaa. Mama akaja akanikuta. Nilidhani nitachapwa. Akasema, wewe toka, Kemboi angecheka sana." Kava ndiyo iliyobaki. Iko Longonot, kwa watoto wa ukoo.

Wasikilizaji wapendwa, kwa Jerop na ndugu zake wanne, kwa wajukuu, kwa Mama Rahab aliyebaki bila mwenzake, kwa kwaya ya kanisa lao na majirani wote wa Rongai, tunawaambia poleni. Poleni sana. Mungu awape nguvu. Mazishi ni Ijumaa, nyumbani, na familia imesema watakaokuja waje na viatu vya kucheza, kwa maana marehemu ndivyo alivyoagiza.

Na sisi tuliobaki, tutafakari. Tazama nyumbani kwako. Je, kuna kitu cha mtu? Kiti, kitabu, sufuria, picha, chochote kilichokuja siku moja na hakikurudi. Huenda kwako ni chombo tu. Kwa mwenyewe huenda ni mtu.

Nina ombi moja kutoka kwa familia. Shamba lile lilipogawanywa baada ya uhuru, watu wa kambi walitawanyika haraka. Wengi walibeba santuri zao. Wengine hawakuwahi kuzichukua. Chepngeno alizitunza, na mpaka Jumanne iliyopita alikuwa bado anauliza watu sokoni. Familia haiuzi. Wanatafuta wenyewe. Kwa hiyo sogea karibu na redio, na kama uko na mzee ndani ya nyumba, muite.

Kuna kava yenye pengo moja refu chini, katikati kabisa, na tundu dogo juu yake.

Kuna nyingine iliyokatwa pembe zote mbili za juu, ikabaki na ncha kama paa la nyumba. Inasemekana mwenyewe alielekea upande wa Subukia.

Na kuna hii, ambayo niko nayo hapa studioni, nimeishika. Ukingo wa kushoto una meno matatu madogo, kama ya msumeno. Jino la katikati limeshonwa kwa uzi mwekundu. Aliyeshona alikuwa na mkono mwepesi, kwa sababu karatasi haikupasuka.

Nani kwao wanakata hivi? Jerop yuko nyumbani Rongai, anangoja.